Changizo la Wahitaji katika Kanisa Dogo: Mwongozo kwa Makanisa ya Mwanza na Mwambao wa Ziwa

Mwongozo huu ni kwa ajili ya kanisa lenye kaya thelathini, arobaini au hamsini. Kanisa ambalo mhazina wake ni mwalimu wa shule ya msingi au mfanyabiashara wa dagaa, ambalo halina ofisi wala gari, na ambalo hata hivyo karibu kila Jumapili husikia tangazo kwamba kuna mjane aliyeishiwa chakula au mtoto asiyekuwa na sare ya shule. Makanisa ya namna hiyo ni mengi Igogo, Mabatini, Igoma na Buhongwa, na yapo pia kwenye mialo, yaani sehemu za kushushia samaki ufukweni, ya Sengerema, Magu na Ukerewe. Mara nyingi huiga mtindo wa makanisa makubwa, yaani siku moja ya misaada karibu na Krismasi, yenye turubai, vipaza sauti, mgeni rasmi na picha nyingi. Kwa maoni yangu mtindo huo hauyafai. Kanisa dogo lina kitu ambacho kanisa kubwa hukitafuta kwa shida: linawajua waumini wake na majirani zake kwa majina, linajua nani amefiwa, nani anauguza, na jiko la nani halijawashwa tangu jana. Taratibu zote zinazoelezwa hapa zimejengwa juu ya ujuzi huo. Lengo ni kaya chache zinazojulikana vyema, zinazofikiwa mwaka mzima, kwa mali iliyohesabiwa mbele ya watu.

Orodha itangulie changizo

Kosa linalojirudia katika huduma hii ni kukusanya kwanza na kutafuta wa kuwapa baadaye. Vitu vikishajaa katika chumba cha mchungaji, kila mtu huanza kumkumbuka ndugu yake, na nguo za watu wazima huishia kwenye makao ya watoto kwa sababu tu zilikuwepo. Kwa hiyo tangazo la changizo lisitolewe madhabahuni kabla ya kujua nani atapewa, atapewa nini, na kwa muda gani.

Anzeni kwa kuchagua kamati ya watu watano hadi saba. Kitabu cha Matendo ya Mitume, katika sura ya 6, kinaeleza jinsi kanisa la kwanza la Yerusalemu lilivyopatwa na manung'uniko, kwa sababu wajane wa upande wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, na jinsi walivyochaguliwa watu saba wenye sifa njema waisimamie kazi hiyo. Jambo ambalo wasomaji wengi hulipita ni kwamba majina ya wale saba yote ni ya Kiyunani. Kazi ilikabidhiwa kwa watu wenye majina ya upande ule uliokuwa ukisahauliwa. Fanyeni vivyo hivyo. Ikiwa waumini wengi ni Wasukuma wenye mashamba na nyumba zao, kamati iwe na mpangaji wa chumba kimoja aliyehamia kutoka mkoa mwingine. Ikiwa kanisa liko mwaloni na wazee wa kanisa wengi ni wenye mitumbwi, awepo mwanamke anayeanika dagaa kwa ujira wa siku. Mhazina wa kanisa awe mjumbe, lakini asiwe mwenyekiti, na mchungaji abaki mshauri, ili lawama ya mgao isije ikaingia kwenye mahubiri yake.

Kamati ikishapatikana, iende kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, imweleze nia yake na kumwomba majina ya kaya anazozifahamu kuwa na hali ngumu. Wamtafute pia mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii, kwa kuwa huyo huingia majumbani, na mwalimu wa shule iliyo karibu, kwa kuwa huyo huona ni mtoto gani anasinzia darasani kwa njaa. Mwaloni, aonwe mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, kwa sababu wakazi wa kambi za wavuvi huhama mara kwa mara na mara nyingi hawamo katika daftari la kijiji. Majina yatakayotajwa na zaidi ya mtu mmoja yaandikwe juu ya orodha. Kaya iliyomo katika mpango wa TASAF, ule mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, isiondolewe kwa sababu hiyo pekee. Ulizeni tu inapata nini, ili msirudie jambo ambalo limeshafanyika.

Halafu zitembeleeni nyumba hizo, wawili wawili, mwanamke na mwanamume, kabla hamjaahidi chochote. Ziara hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote na haifai kufanywa kwa haraka. Ingieni kama wageni, salimieni, mketi mnapokaribishwa, mwulize habari za nyumbani na za kazi kabla ya kutaja kanisa. Mwenye nyumba akiwa mama mzee, inatosha kusema: "Shikamoo, bibi. Sisi ni majirani zako wa kanisa la pale juu, tumetumwa tuje tukujulie hali." Akijibu "Marahaba, wanangu," mpeni nafasi aseme yeye. Baada ya hapo mtajua watu wangapi wanalala na kula pale, nani anatafuta riziki, nani hajiwezi, na jana walikula nini. Swali la mwisho liwe ni kitu gani kimoja kingewapunguzia mzigo. Jibu mara nyingi si chakula: huenda ikawa ni bati mbili juu ya chumba kinachovuja, nauli ya kliniki, mbegu za mahindi kabla ya mvua za vuli, chandarua, godoro la mgonjwa, au mtu wa kumchotea maji kwa sababu magoti yamechoka. Msaada wa namna hiyo hugharimu kidogo, na huwezi kuujua ukiwa umekaa kanisani.

Ningependa nitie mkazo juu ya wanawake wazee wanaoishi peke yao. Kanda yetu ina historia chungu ya vikongwe kuuawa kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni ndiyo yaliyogeuzwa kuwa ushahidi dhidi yao. Bibi anayetembelewa na watu wa kanisa kila mwezi, mchana, mbele ya macho ya majirani, anaonekana kuwa mtu mwenye watu. Hata mwezi ambao ghala lenu ni tupu, msiache kwenda kwake.

Yaliyosikika katika ziara yaandikwe katika daftari moja linalofungiwa: jina la mkuu wa kaya, idadi ya watu, hitaji, na tarehe. Majina ya magonjwa yasiandikwe kabisa. Tangu ilipotungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, habari za afya ya mtu zinalindwa kisheria, na hata kabla ya sheria hiyo haikuwa halali mbele za Mungu kwa kwaya nzima kujua nani anatumia dawa gani.

Kuamua ukubwa wa mzigo

Chukueni mfano wa kanisa lenye kaya 40. Kila kaya ikileta kilo moja ya unga au mchele kila Jumapili, Jumapili nne zitaleta kilo 160. Kilo 120 zinatosha kaya 12 kupata kilo 10 kila moja kwa mwezi, na kilo 40 zinabaki kuwa akiba ya dharura: msiba, nyumba kuungua, au mvua kubwa kubomoa kuta za tope kwenye miinuko ya Mabatini na Igogo. Akiba hiyo isiguswe kwa shinikizo. Kaya 12 zinaweza kuonekana chache, na mtasikia wakisema kanisa jirani liligawa mifuko mia mbili. Lakini kaya 12 zenye uhakika wa kila mwezi zinaweza kupanga maisha yao, ilhali mfuko mmoja wa Desemba humalizika kabla ya sikukuu kwisha.

Kilo moja kwa wiki si nyepesi kwa kila nyumba, kwa hiyo elezeni njia ya kuitimiza: mama anapochota unga wa ugali wa jioni, aweke kikombe kimoja pembeni katika chombo chake maalumu. Watoto wajue chombo kile ni cha nani. Ambaye kaya yake yenyewe imo katika orodha asitoe kwa kuona haya. Na hili mzee wa kanisa amwambie faraghani.

Kufuata mwezi na msimu

Hapa ndipo makanisa ya ziwani hukosea hesabu, kwa sababu huiga kalenda ya watu wa mishahara. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta juu ya maji. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazina nguvu na mitumbwi mingi hupumzika. Maana yake ni kwamba katika kambi ya dagaa fedha huja na kuondoka kwa kufuata mwezi wa angani. Harambee ikiwekwa katikati ya mbalamwezi itawakuta watu wenye moyo wa kutoa wakiwa hawana cha kutoa. Iwekeni mwishoni mwa giza, wavuvi wanapolipwa. Kinyume chake, mgao uwekwe ndani ya mbalamwezi, kwa kuwa ndicho kipindi ambacho wanawake wanaolipwa kwa kuanika na kubeba hukosa kazi, na watoto hulala bila kula. Kanisa la mwaloni likizingatia jambo hili moja tu, kiasi kilekile cha mali kitafanya kazi kubwa zaidi.

Kwa makanisa ya wakulima wa Misungwi, Kwimba, Magu na Sengerema, hesabu ni ya mwaka. Mpunga huingia majumbani kuanzia karibu Mei hadi Julai, na huo ndio pia wakati wa kuuza pamba. Sikukuu ya mavuno ifanyike wakati huo, na kinachotolewa kihifadhiwe kwa ajili ya miezi ya kuanzia Desemba, ambapo akiba za nyumbani zimepungua, kazi ya palizi ni nyingi, na shule zinafunguliwa. Mpunga uhifadhiwe ukiwa na maganda yake na ukobolewe unapohitajika. Mahindi yakaushwe vizuri kabla ya kufungwa, kisha yawekwe katika mifuko isiyopitisha hewa, kwa kuwa dumuzi hula gunia zima kimyakimya. Mahindi au karanga zilizoota ukungu zikataliwe hata kama mtoaji ni mzee wa kanisa. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula nafaka yenye sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika.

Januari ni mwezi wa shule. Ada ya shule za msingi na za sekondari za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa kuanzia mwaka 2016, lakini sare, viatu, daftari na kalamu bado ni jukumu la mzazi. Ulizeni rangi na mtindo wa sare wa kila shule, na muwapime watoto mwezi Novemba, kabla mafundi cherehani hawajazidiwa na kazi. Wasichana wakubwa wapewe taulo za kike pamoja na sabuni, na anayewapa awe mwanamke, mahali pasipo na watu.

Kupokea vitu

Meza ya kupokea iwekwe mlangoni kabla ya ibada, ikiwa na mizani. Vipimo vya debe na bakuli huleta ugomvi, kwa sababu kila bakuli lina tumbo lake. Wapokeaji wawe wawili, mmoja apime na mwingine aandike: tarehe, kitu, kiasi, aliyepokea. Jina la mtoaji liandikwe tu ikiwa mwenyewe anataka, kwa kuwa wako wanaotoa kwa siri na wana haki ya kubaki hivyo.

Nguo zipokewe zikiwa zimefuliwa, zina vifungo na hazina matundu. Kipimo changu ni hiki: kama mjumbe wa kamati asingeivaa sokoni, mhitaji naye asipewe. Dawa zilizobaki nyumbani zisipokewe kabisa, hata zikiwa ndani ya boksi lake, kwa kuwa hakuna anayejua zilivyotunzwa. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga yasigawiwe bila ushauri wa muuguzi, maana mama anaweza kuacha kunyonyesha, na kopo likiisha mtoto anabaki bila maziwa yoyote. Dagaa wachaguliwe waliokaushwa juu ya chanja. Waliokaushwa chini huwa na mchanga.

Jambo linalohitaji kauli ya wazi ni mnada. Katika makanisa yetu ni desturi njema kwamba kuku, mayai, ndizi au samaki walioletwa kama sadaka huuzwa kwa mnada baada ya ibada na fedha kuingia katika mfuko wa kanisa. Lakini mtu akileta jogoo kwa ajili ya wajane, halafu jogoo huyo akauzwa na fedha ikanunua saruji ya msingi wa kanisa, nia ya mtoaji haikuheshimiwa. Wekeni kanuni mbili na mzisome kila Jumapili ya changizo. Kwanza, kitu kilichotolewa kwa wahitaji na kinachoweza kutunzwa hakiuzwi. Pili, kinachoharibika upesi, kama sato wabichi au mboga, kinanadiwa siku ileile, na fedha yake inaingia katika mfuko wa wahitaji na kuandikwa hivyo.

Fedha

Sanduku la sadaka ya wahitaji liwe na kufuli mbili na funguo zake ziwe kwa watu wawili wasiokuwa wa familia moja. Fedha ihesabiwe na watu watatu palepale kanisani, kabla mtu yeyote hajaondoka. Kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, na wote watatu watie sahihi. Jumatatu ipelekwe benki au kwa wakala, na stakabadhi ibanwe kwenye ukurasa uleule. Mhazina asikae na fedha nyumbani hata kama ni mwaminifu kiasi gani, kwa kuwa uaminifu wake haumzuii mwizi, wala haumzuii mtoto wake kuugua usiku wa manane kukiwa hakuna fedha nyingine ndani.

Michango ya simu imerahisisha mambo kwa waumini walioko Dar es Salaam au Geita, lakini isiingie katika namba binafsi ya mchungaji au ya katibu. Tafuteni namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la kanisa, jina ambalo mtoaji huliona kabla hajathibitisha muamala, na hesabu za ndani zitunzwe na watu wawili. Makato ya kutuma na kutoa yaandikwe kama matumizi, ili mtu asije akauliza elfu mbili imekwenda wapi na kusiwe na jibu. Ahadi zilizotolewa kwenye harambee ziandikwe katika ukurasa tofauti na fedha taslimu, zipewe tarehe ya mwisho, na zisitumiwe kabla hazijatimizwa. Kuna makanisa yaliyokopa mchele dukani kwa kutegemea ahadi ya mgeni mmoja, na deni lile likaja kulipwa na wajane walewale waliotakiwa kusaidiwa.

Kuhusu wanasiasa na wafanyabiashara wanaotaka kutoa wakati wa uchaguzi unapokaribia: pokeeni kama mnavyopokea kwa mtu mwingine yeyote, mezani, kwa mizani na daftari, bila bango na bila kutaja jina lake kwa mpokeaji. Akikataa masharti hayo, mshukuruni na kumwacha aende. Na mkikusudia kuchangisha nje ya kanisa, stendi, sokoni au mlango kwa mlango, mwoneni kwanza mtendaji wa kata mpate maelekezo na barua.

Kila mwisho wa mwezi taarifa isomwe kanisani na kubandikwa ubaoni: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na idadi ya kaya zilizofikiwa. Majina ya wapokeaji yasiwemo. Mtume Paulo, alipokuwa akipeleka michango ya makanisa kwa watakatifu wa Yerusalemu, hakusafiri nayo peke yake. Aliandamana na watu waliochaguliwa na makanisa yenyewe, na katika barua yake ya pili kwa Wakorintho, sura ya 8, anasema wazi kwamba alitaka mtu asipate sababu ya kumlaumu. Ikiwa Paulo aliona hitaji hilo, hakuna mchungaji anayepaswa kuona amedharauliwa anapoombwa daftari.

Kukabidhi

Fungeni mizigo Jumamosi, katika viroba au mifuko mbadala, kwa kuwa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Kila mzigo uandikwe namba tu.

Msiwapange watu foleni. Mzigo upelekwe nyumbani na walewale wawili waliofanya ziara ya kwanza, kwa sababu wameshafahamika, na mpokeaji atie sahihi au dole gumba katika daftari. Picha ya mpokeaji isipigwe. Najua wafadhili wengine hudai picha. Wapigieni picha mizigo ikiwa kwenye mizani na ukurasa wa daftari uliofunikwa majina. Mama aliyepigwa picha akipokea kilo kumi za unga atakutana na picha hiyo kwenye simu ya mwanawe, na aibu yake haitafutika kwa unga ule.

Mkiombwa kusali, salini. Msipoombwa, ulizeni kwa upole kama ingefaa, na mkubali jibu. Sharti la kuhudhuria ibada lisiwepo kabisa, wala dokezo lake. Majirani wengi wa Mwanza ni Waislamu, na mzigo wao uandaliwe kwa kuwaheshimu: kuku aliyechinjwa na Mwislamu, na mafuta ya mimea. Wakati wa Ramadhani, pelekeni mapema ili wapate cha kufuturu. Kumwambia mzee wa Kiislamu, "Shikamoo, baba, tumekuletea kidogo cha futari," ni jambo linalokumbukwa mtaani kwa miaka mingi.

Pale penye watoto, wahudumu wawe wawili daima, na mtoto asichukuliwe peke yake hata kwa lengo jema. Mkiona dalili za kipigo au za unyanyasaji, msichunguze wenyewe. Toeni taarifa kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Makao ya watoto nayo hayavamiwi na wageni wenye mifuko: pigeni simu kwanza, ombeni orodha ya mahitaji kutoka kwa msimamizi, na ulizeni kama yana leseni.

Hospitali na visiwa

Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando inapokea wagonjwa kutoka Kagera, Mara, Geita, Simiyu na Shinyanga, na pamoja nao ndugu wanaowauguza, ambao baada ya wiki mbili huwa wameishiwa nauli na chakula. Hao husahaulika, kwa sababu wageni wengi huja na juisi kwa ajili ya mgonjwa. Anzeni katika ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, pale Bugando au katika hospitali ya mkoa ya Sekou Toure, mwulize ni wagonjwa gani hawana ndugu na ni wauguzaji gani wamekwama. Sabuni ya kufulia, khanga, ndala, chakula kilichopikwa siku hiyo na nauli ya kurudi nyumbani ndivyo vinavyotakiwa zaidi.

Kwa safari za visiwani, kama Ukara, Kome au Maisome, usalama wa majini uje kabla ya ratiba. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, kikiwa kimebeba watu wengi kupita uwezo wake, na zaidi ya watu 200 walipoteza maisha. Kwa hiyo mizigo na watu vipimwe kwa uwezo wa chombo, kila mtu avae jaketi la kuokolea tangu anapopanda, utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa wa ziwa usikilizwe asubuhi ya safari, na nahodha akisema leo hapana, iwe hapana, hata kama wenyeji wameshapika. Tumieni chombo kilichokaguliwa na TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini. Na ikiwezekana, pelekeni fedha badala ya magunia: kununua mchele kwa mfanyabiashara wa kisiwani kunaokoa gharama ya kuvusha na kunaacha faida kulekule.

Mapitio ya orodha

Kila baada ya miezi sita kamati ikae na daftari na kupitia kaya moja moja. Pale ambapo kijana amepata kazi, au mama ameanza kuuza mihogo na mtaji umeshika, mgao upunguzwe kwa awamu: nusu kwa miezi miwili, kisha usimame. Habari hiyo ipelekwe nyumbani na wale waliokuwa wakileta mzigo, nao waseme waziwazi kwamba mgao unasimama na kwamba kutembeleana kunaendelea. Kaya nyingine zitaomba zenyewe kuingia katika wachangiaji. Zikaribishwe, hata kama ni kwa kikombe kimoja kwa mwezi. Nafasi iliyoachwa ijazwe na jina linalofuata katika daftari kabla ya mgao wa mwezi unaofuata, baada ya ziara mpya, kwa kuwa hali iliyoandikwa miezi sita iliyopita huenda imebadilika.